Baiskeli Hunyoshwa; Mpandaji Je?

Nataka kuwauliza swali moja ambalo nimelichukua moyoni kwa muda mrefu. Mtu akianguka na baiskeli yake, nayo ikaharibika, akaipeleka kwa fundi ikatengenezwa, akaipanda tena, je, mtu huyo amekwisha rudi njiani? Wengi watajibu upesi, "Naam, amerudi, maana anakwenda." Nami zamani ningalijibu hivyo hivyo. Lakini yaliyonipata yalinifundisha ya kuwa kwenda si kurudi, na ya kuwa katika ajali kuna kitu kiharibikacho ambacho spana haiwezi kukishika. Nitawasimulia kisa chenyewe, ingawa si kisa cha kunipatia sifa.

Katika njia itokayo shuleni kwetu kwenda sokoni pana mteremko mrefu unaoishia kijitoni, mahali ambapo wanawake na watoto huteka maji. Kwa muda wa juma zima nalijua ya kuwa mipira ya breki za baiskeli yangu imekwisha, hata chuma kilikuwa kikikwaruza rimu. Kila siku nalisema, "Kesho nitanunua mipya." Jioni moja nalikuwa na haraka, nikaushuka mteremko ule pasipo kujizuia. Nilipokaribia kijito akatokea mtoto wa kike, mwanafunzi wangu, amejitwika mtungi wa maji. Nikapiga kengele, nikakaza breki, baiskeli isipunguze mwendo hata kidogo. Mtoto alijitahidi kunipisha, lakini mwenye mtungi kichwani hawezi kuruka kama mbuzi. Usukani wangu ukampiga begani, mtungi ukaanguka ukavunjika vipande vipande, nami nikatupwa juu ya mawe pamoja na baiskeli yangu.

Namshukuru Mungu, mtoto hakuumia ila alichubuka kiwiko. Watu waliokuwapo kijitoni wakaja mbio wakaniuliza, "Mwalimu, kumetokea nini?" Nami, kabla sijafuta damu ya gotini, nikajibu, "Mtoto huyu alisimama katikati ya njia."

Neno hilo lilikuwa fupi, tena lilikuwa na kipande cha kweli ndani yake, kwa kuwa mtoto alikuwamo njiani kweli. Watu wakaliamini, maana limetoka kinywani mwa mwalimu. Wakamkemea mtoto, wakanipa pole, wakaniinulia baiskeli. Yeye hakusema kitu. Aliokota vigae vya mtungi kimoja kimoja, akavifunga katika nguo yake, akaenda zake.

Kesho yake naliikokota baiskeli mpaka kwa fundi wetu, mzee ambaye hufanya kazi yake chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, ninyoshee gurudumu hili la mbele, nina haraka." Akaitikia, lakini hakuligusa gurudumu. Kwanza alisimama mbele ya baiskeli, akalibana gurudumu kwa magoti yake, akatazama kama usukani umekaa sawa nalo. Kisha akainama, akapitisha kidole polepole mahali ambapo vyuma vya fremu vinakutana na shingo ya usukani, akiichunguza rangi. Akaniambia, "Rangi ikikunjamana hapa, au ikipasuka, ujue chuma kilicho chini yake kimepinda." Baadaye akautazama uma kwa ubavuni, mguu huu na mguu huu, kama mtu apimaye mstari.

Nikaona anakawia. Nikamwuliza, "Mzee, mbona unayatafuta yasiyoharibika? Kilichopinda ni gurudumu." Akanijibu pasipo kuinua macho, "Mwalimu, kilichopinda waziwazi hakimwui mtu, maana kila mtu atakiona naye atakinyosha. Kimwuacho mtu ni ufa uliofunikwa na rangi."

Ndipo akaipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akashika kipande cha mkaa karibu na rimu, na kila mahali palipojitokeza pakajitia alama penyewe. Palipoinamia kulia alilegeza spoki za kulia na kukaza za kushoto, kidogo kidogo, robo ya mzunguko, kisha akazungusha na kutazama tena. Alisema ya kuwa ukikaza mahali pamoja kwa nguvu na kwa hasira, rimu itanyoka hapo na kupinda kwingine. Kazi ilipokwisha aliitoa mipira ya breki iliyolika, akaiweka katika kiganja changu, akasema, "Hii haikuisha jana." Hakuongeza neno. Nami nikafahamu ya kuwa anafahamu.

Basi nikanunua mipira mipya, nikamlipa ujira wake. Tena nikampa mmoja wa wanafunzi fedha ya mtungi apeleke nyumbani kwa yule mtoto, ambaye hulelewa na bibi yake. Sikutuma neno lo lote pamoja na fedha hiyo. Moyoni nikajihesabu kuwa mtu wa haki, maana kilichovunjika nimekilipa.

Lakini kulikuwa na jambo moja la ajabu. Tangu siku ile sikupita tena kwenye mteremko ule. Nalikuwa nikizunguka kwa njia ya mashambani, iliyo ndefu kupita ile kwa nusu saa. Nalijiambia ya kuwa nanyosha miguu yangu, au ya kuwa njia ile ina kivuli kizuri. Majuma mawili yakapita hivyo. Hata siku moja nikasikia watu wakizungumza sokoni, wakisema, "Mwalimu wetu ana huruma. Amelipa mtungi uliovunjwa na uzembe wa mtoto, ingawa bibi yake alikwisha mchapa kwa kusimama njiani." Wasomaji, sifa ile iliniuma kuliko mawe ya kijitoni. Naliona ya kuwa fedha yangu haikuuondoa uwongo wangu. Imeupaka rangi tu.

Hapa ndipo penye swali letu. Nalibishana na nafsi yangu siku nyingi, nami nitayaweka maneno ya pande zote mbili mbele yenu mpate kuyapima.

Nafsi yangu ilisema kwanza, "Deni limelipwa; ni nini tena?" Nikaijibu ya kuwa mtungi una bei sokoni, lakini jina la mtoto halina bei. Nalilipa kilichovunjwa na baiskeli, wala sikulipa kilichovunjwa na ulimi. Ikasema tena, "Mwalimu akikiri ya kuwa amesema uwongo, watoto watamheshimu namna gani?" Hoja hii ilinizuia zaidi, maana haikosi uzito, kijiji kisichomwamini mwalimu wake hakina shule. Lakini nalifikiri, heshima ambayo imesimama juu ya mgongo wa mtoto aliyechapwa bure ni kama gurudumu zuri lililofungwa katika uma wenye ufa. Kadiri unavyolipakia mzigo, ndivyo unavyoikaribia siku ya kuanguka. Mwisho ikasema, "Ngoja tu, watasahau." Ni kweli kwamba mfupa uliovunjika, ukifungwa vema na kungojewa, hujiunga wenyewe. Lakini chuma hakijiungi kwa kungojewa. Ufa wa leo ukiuacha, kesho ni ufa mkubwa zaidi.

Pamoja na hoja hizo zote, nalikaa bila kutenda neno, mpaka wanafunzi wangu wenyewe waliponihukumu pasipo kujua.

Siku hiyo nalikuwa nikiwasimulia habari za mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903. Katika mashindano ya mwaka 1913 alikuwamo Mfaransa mmoja jina lake Eugène Christophe, mtu hodari aliyekuwa na tumaini kubwa la kushinda. Alipokuwa akiteremka mlima wa Tourmalet, katika milima ya Pyrenees, uma wa baiskeli yake ulivunjika. Sheria ya siku zile ilikuwa kali: kila mpandaji aitengeneze baiskeli yake kwa mikono yake mwenyewe, pasipo msaada wa mtu ye yote. Basi akajitwika baiskeli yake, akaenda kwa miguu kilometa 10 na zaidi, huku wenzake wakimpita, mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Huko akaonyeshwa kiwanda cha mhunzi. Akawasha moto, akafua chuma, akauunga uma wake mwenyewe kwa muda wa saa nyingi, na wasimamizi wa mashindano wamesimama wakimtazama asije akasaidiwa. Lakini mtu ana mikono miwili tu, nayo ilikuwa imeshika chuma na nyundo. Kwa hiyo mtoto mmoja akamvutia mivukuto. Kwa ajili ya mivukuto ile wasimamizi wakamwongezea dakika 10 za adhabu, ambazo baadaye zilipunguzwa zikawa 3. Christophe akaipanda baiskeli yake akaendelea. Alifika Paris akiwa mtu wa saba.

Nilipomaliza nikauliza darasa, "Je, adhabu hiyo ilikuwa ya haki?" Wengi wakasema si ya haki, maana mtu hawezi kufua na kuvuta mivukuto kwa wakati mmoja. Ndipo mvulana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, aliyevuta mivukuto ni mtoto. Adhabu aliandikiwa nani?" Nikajibu, "Aliandikiwa mwenye baiskeli." Akasema, "Basi angalau hapo ni haki," akaketi.

Yule mtoto wa mtungi alikuwa ameketi mstari wa pili. Hakuinua uso wake. Nami chaki ilikuwa mkononi mwangu, nikasahau nililotaka kuandika. Kule mlimani mtoto alitenda jambo, na mwenye baiskeli akabeba adhabu yake. Huku kwetu mwenye baiskeli ndiye aliyetenda, na mtoto akabebeshwa adhabu.

Jioni ile nalikwenda kwa bibi yake. Nikamwamkia, nikamweleza habari yote, tangu mipira ya breki mpaka neno langu la uwongo. Nikamwomba twende pamoja kijitoni saa ya kuteka maji, kwa sababu uwongo ulisemwa pale mbele ya watu, nao ulipasa kuondolewa pale pale. Tukaenda. Nikasema mbele ya waliokuwapo, "Mtoto huyu hakukosa. Breki zangu zilikuwa zimekwisha, nami nalijua. Mimi ndimi niliyeuvunja mtungi, tena nikamsingizia." Watu wakanyamaza. Bibi akasema, "Mwanangu, mtungi nalikwisha usahau. Sasa huu mkono uliomchapa, nitauambia nini?" Sikuwa na jibu, wala sina hata leo. Mtoto nalimwomba radhi kwa jina lake, akatazama chini, akasema, "Nimesikia, Mwalimu."

Yako mambo mawili niliyojifunza, nami nayaweka mbele yenu. La kwanza, katika kuinuka kwetu iko kazi ambayo hatuwezi kuifanya peke yetu. Fundi alininyoshea gurudumu, mvulana wa darasani aliniamsha kwa swali lake, bibi alikubali kufuatana nami. Kuvutiwa mivukuto si aibu, na mtu akatazaye msaada wa namna hiyo hujichelewesha bure. La pili, iko kazi moja ambayo hapana wa kumfanyia mwenziwe, nayo ni kusema, "Ni mimi." Neno hilo huwezi kulituma kwa mkono wa mwanafunzi pamoja na fedha. Wahenga wetu walisema ya kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi asemaye ya kuwa koleo lake zima, hali limevunjika, huyo hatafua tena kitu.

Baada ya siku ile naliurudia mteremko wangu. Mara ya kwanza naliushuka kwa miguu, nikiikokota baiskeli. Mara ya pili nikapanda tangu nusu yake, nikijaribu breki kila hatua chache. Mara ya tatu nikapanda tangu juu, polepole. Hofu ya mwili ilikwisha kwa siku tatu.

Lakini yule mtoto, akisikia kengele ya baiskeli, hata iwe mbali, hutoka njiani na kusimama majanini mpaka ipite. Simlaumu. Nimwonapo amejitwika mtungi wake mpya, hushuka, nikaikokota baiskeli mpaka nimpite, nikamwamkia, ndipo nikapanda. Labda siku moja ataacha kutoka njiani. Siku hiyo ndipo nitakaposema ya kuwa nimerudi.