Maumivu Yasiyotoka Kwenye Picha

Mtaalamu wa mashine ya picha ya MRI katika hospitali ya maveterani nchini Marekani huona ndani ya mwili wa mwanajeshi wa zamani mambo ambayo mkewe, mamaye na rafiki zake hawatayaona kamwe: mikunjo ya ubongo, pingili za mgongo moja baada ya nyingine, kano iliyochanika begani. Hata hivyo wengi wanaolala kwenye meza yake wameletwa na kitu ambacho mashine haikuundwa kukiona, nacho ni maumivu. Picha huonyesha umbo la mwili, lakini maumivu ni ya yule anayeyasikia. Hapo linazuka swali ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamehangaika nalo tangu kale: je, mtu anaweza kuyajua mateso ya mwenzake, na asipoyaona, ana haki gani ya kuyakana?

Katika hospitali hizo swali hili lina matokeo ya fedha na heshima. Wizara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani, yenye hospitali kubwa takriban 170, hupima ulemavu uliotokana na utumishi kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, kwa kupanda kumi kumi. Malipo ya kila mwezi hufuata asilimia hiyo. Kwa hiyo picha ya MRI hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humsaidia daktari kutibu, na huingia kwenye jalada kama ushahidi. Mgonjwa analijua hilo. Mtu aliyeumwa mgongo miaka kumi na kuambiwa anajifanya huingia chumba cha MRI akiwa na tumaini la ajabu kidogo, kwamba mashine itamkuta na ubovu.

Mashine yenyewe inaona nini? Inaona maji, na kwa kiasi fulani mafuta. Kiini cha atomu ya haidrojeni ni protoni moja, na kila protoni ina tabia ya sumaku ndogo mno. Sumaku kubwa ya MRI, ambayo katika hospitali nyingi ni ya tesla 1.5, ina nguvu takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia. Ndani yake protoni hujipanga, lakini si zote: zinazoelekea upande wa sumaku huzidi zile za upande wa pili kwa chache tu katika kila milioni, na picha nzima hujengwa juu ya ziada hiyo ndogo. Mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64 huziyumbisha, nazo zinaporudi mahali pake hutoa ishara hafifu ambayo kompyuta huigeuza kuwa weusi na weupe. Kinachoitwa picha ya ubongo, basi, ni ramani ya jinsi maji yanavyotulia katika tishu mbalimbali. Ni ramani nzuri sana. Lakini atakayeisoma kana kwamba ni dirisha la nafsi amekwisha kosea kabla hajafika kwenye mgonjwa.

Teknolojia hii nayo ina damu ya vita. Edward Purcell na Felix Bloch, waliogundua mwaka 1946, kila mmoja kwake, jinsi ya kuipata ishara hiyo katika maji na vitu vingine vya kawaida, walikuwa wametoka kwenye kazi za rada za Vita vya Pili vya Dunia, mmoja akizitengeneza na mwingine akitafuta namna ya kuzipumbaza. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Paul Lauterbur na Peter Mansfield, walioigeuza ishara kuwa picha, walipewa yao mwaka 2003. Ujuzi wa mawimbi ya redio uliokomazwa kwa ajili ya kuwinda ndege za adui ndio leo unaotafuta jeraha katika kichwa cha askari.

Kabla ya kuona chochote, mtaalamu hulazimika kusikiliza. Sumaku ya MRI haizimwi jioni. Koili zake zimo ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na nguvu yake ipo usiku na mchana, hata kama hakuna mgonjwa. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani ulivutwa na sumaku na kumuua mvulana wa miaka 6 aliyekuwa amelala ndani ya mashine. Ndiyo maana mlangoni kuna mahojiano marefu. Je, ana betri ya moyo? Ana klipu kwenye mshipa wa ubongo? Amewahi kuingiwa na chuma machoni? Amewahi kupigwa na bomu au risasi? Mguu wa bandia huachwa nje, na kifaa cha kusaidia kusikia pia, hivyo swali la mwisho mara nyingi huulizwa kwa sauti kubwa karibu na sikio.

Katika hospitali ya kawaida swali la vipande vya bomu hupita haraka. Kwa maveterani ndilo linalochukua muda. Mzee wa Vietnam anaweza kusema kuwa vipande vimo, ila wapi na vingapi hajui, kwa sababu aliyemshona alitoa alivyoviona na kuviacha vilivyobaki. Kijana wa Iraq anaweza kujibu hapana, kisha swali hilohilo likiulizwa kwa njia nyingine, kama gari lake liliwahi kukanyaga bomu, akasema ndiyo, mara mbili. Mtaalamu mzoefu huuliza jambo moja kwa njia tatu. Penye shaka, macho hupigwa kwanza eksirei, kwani kipande kidogo cha chuma kikisogea ndani ya jicho kinaweza kumpofusha mtu. Lakini hata eksirei hiyo huombwa kwa sababu ya neno lililosemwa. Moja ya mashine ghali zaidi katika jengo haithubutu kuanza kazi mpaka mtu ameulizwa habari zake na habari hizo zimeaminiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu waliojenga elimu ya hadithi walilitazama tatizo la aina hii kwa makini kuliko wengi. Tukio lililopita halirudiwi, na aliyeliona ni yule aliyekuwepo. Kwa hiyo mizani iliwekwa kwa msimulizi: uadilifu wake, uthabiti wa hifadhi yake, na kama kweli alikutana na yule anayempokelea habari. Hawakusema kila habari iaminiwe, wala hawakusema habari ni kitu duni kwa kuwa haionekani. Walisema ushuhuda una vigezo vyake, na vigezo hivyo si vya kupima chuma.

Mgonjwa akishaingia kwenye mrija hutakiwa kutulia bila kujongea, kwa dakika ishirini au hata saa nzima. Koili zinazobadilisha usumaku hugonga kwa kelele inayoweza kupita desibeli 100, na baadhi ya milio hiyo hufanana na bunduki ya rashasha. Mkononi hupewa mpira wa kuminya endapo atashindwa kuvumilia. Kwa mtu aliyewahi kufukiwa na kifusi, mahali hapo si pa uchunguzi tu. Panaweza kumrudisha kule alikotoka.

Ibn Sina, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alimwazia mtu aliyeumbwa mara moja akiwa ananing'inia hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, asingejua kama ana mkono au moyo, lakini asingekosa kujua kwamba yupo. Chumba cha MRI ni kinyume cha wazo hilo. Humo mwili wote uko wazi mbele ya mtu wa nje, kipande kwa kipande, na kinachokosekana kwenye skrini ni kile pekee ambacho mtu wa Ibn Sina alibaki nacho: kujijua. Si lazima msomaji aikubali dhana ya roho ya Ibn Sina ili aone nguvu ya tofauti hiyo. Elaine Scarry, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mwili ulio katika maumivu, aliieleza bila kuitaja roho: mwenye maumivu hana shaka nayo hata chembe, ilhali kwa anayesimuliwa maumivu hayo ndiyo mfano kamili wa jambo la kutiliwa shaka.

Mgongo unatosha kuonyesha jinsi picha na maumivu vinavyoachana njia. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha mbaya, mtu asiyeumwa. Upande wa pili wapo wenye mgongo unaopendeza kwenye skrini ambao hawawezi kufunga kamba za viatu. Ofisa anayetafuta katika picha uthibitisho wa maumivu anaweza kumpa asiyeumwa na kumnyima anayeumwa, na mara zote mbili akadhani ametenda kisayansi.

Kwa ubongo mambo ni mazito zaidi. Daktari Mwingereza Charles Myers alipoandika mwaka 1915 kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na hata uwezo wa kuona baada ya milipuko, hakukuwa na chombo cha kutazama ndani ya fuvu la mtu aliye hai kwa namna ya leo. Wengine wa aina yao waliitwa waoga. Uingereza ilisamehe mwaka 2006 wanajeshi 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa makosa kama kutoroka na woga, miaka tisini baadaye. Mtu angedhani MRI ingemaliza ubishi huo. Haikuumaliza. Mtu aliyepata mtikiso mdogo wa ubongo kwa kawaida huonyesha picha safi. Kisha mwaka 2016 timu ya mwanapatholojia Daniel Perl ilichapisha matokeo ya kuchunguza kwa hadubini ubongo wa wanajeshi waliokuwa wamefariki baada ya kukumbwa na milipuko wakiwa hai. Walikuta makovu katika mipaka ya tishu za ubongo na kandokando ya mishipa ya damu, makovu ambayo picha za kawaida za MRI hazioni. Jeraha lilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni jicho.

Lakini hoja hii isitumike kizembe. Haisemi kwamba kila teso lina kovu linalosubiri mashine bora zaidi. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewahudumia maveterani wa Vietnam huko Boston, aliandika mwaka 1994 juu ya jeraha la kimaadili: uchungu wa aliyesalitiwa na wakuu wake katika jambo zito. Wengine baadaye wameongeza uchungu wa aliyetenda, au aliyeshuhudia na kunyamaza, kinyume cha dhamiri yake. Kumtafutia mtu huyo doa kwenye ubongo ni kulikosa swali lake. Anayejuta kwa kumpiga risasi mtoto kwenye kizuizi cha barabarani pengine ana ubongo unaofanya kazi sawasawa. Anajuta kwa sababu jambo lenyewe linastahili kujutiwa. Hapo padre, imamu wa jeshi au rafiki aliyekuwepo siku ile anaweza kuwa na kazi kubwa kuliko mtaalamu wa picha. Na wanaotaka kusoma fikra kwenye skrini wamkumbuke samaki wa mtafiti wa ubongo Craig Bennett. Mwaka 2009 yeye na wenzake walimweka samoni mfu katika mashine, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zilizofanywa bila masahihisho yanayotakiwa zikatoa alama za ubongo unaofanya kazi.

Ikiwa picha haitoshi, kinachobaki ni neno la mtu. Mwanafalsafa David Hume alitaka ushuhuda upimwe kwa uzoefu, kila dai likipewa imani ya kiasi cha ushahidi wake. Thomas Reid, mwenzake wa Scotland, alijibu kwamba binadamu huanza kwa kuamini, na shaka ndiyo inayohitaji sababu. Sheria ya maveterani ya Marekani, pengine bila kukusudia, imemkaribia Reid. Ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka humfaidi anayedai. Mwaka 1994 Bunge liliruhusu maveterani wa Vita vya Ghuba walipwe kwa maradhi ambayo madaktari hawakuweza kuyapa jina. Mwaka 2010 kanuni ya msongo wa baada ya vita ililegezwa: maelezo ya askari kuhusu hofu ya kushambuliwa yalianza kukubaliwa bila hati ya kuthibitisha tukio, mradi daktari wa akili au mwanasaikolojia wa wizara aone yanatosha kueleza hali yake, na yawe yanalingana na mahali alipotumikia. Wapo watakaodanganya. Sheria inalijua hilo, na imeamua kwamba kumlipa mwongo mmoja ni kosa dogo kuliko kumkana mkweli.

Katika Injili ya Yohana, Tomaso alitaka kutia kidole katika alama za misumari mwilini mwa Yesu ndipo aamini. Alikubaliwa, ingawa simulizi halisemi popote kwamba aligusa kweli. Kwa jeraha la msumari dai lake lilikuwa na maana, kama lilivyo na maana dai la kuonyeshwa kipande cha chuma begani. Kulipeleka dai hilohilo kwa asiyelala usiku ni kukitumia kipimo nje ya mahali pake.

Linabaki suala la kinywa cha mtaalamu. Yeye ndiye wa kwanza kuziona picha, lakini kuzisoma ni kazi ya daktari wa radiolojia. Mgonjwa akishuka mezani huuliza kilichoonekana, na mara nyingi huuliza kwa kuutazama uso wa anayeulizwa. Agostino, mwanateolojia wa Kikristo aliyekataa uongo wa kila namna, alitofautisha kusema uongo na kuficha ukweli. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa na nafasi zaidi: maneno ni njia ya kufikia lengo, na uongo huweza kuruhusiwa pale lengo jema lisipofikika kwa ukweli. Mtaalamu hahitaji ruhusa hiyo ya Ghazali. Anaweza kusema kwamba picha zimetoka vizuri na daktari atazisoma, na ikiwa ameona damu inayovuja, anamwacha mgonjwa palepale na kumwita daktari.

Kishawishi kikubwa kwake si kutoa habari mbaya, bali kutuliza kwa kusema hakuna kitu. Sentensi hiyo huonekana ya huruma, lakini inadai zaidi ya ambacho mashine imepima. Ripoti za radiolojia huwa na hadhari zaidi. Zikikuta ubongo usio na kasoro ya kuonekana, huandika kwamba hakuna dalili ya tatizo la ghafla ndani ya fuvu, yaani halikuonekana kwa kipimo hiki, siku hii. Mke anayeisoma ripoti mezani, mwajiri, na wakati mwingine mgonjwa mwenyewe, huifupisha ikawa kwamba mtu huyu haumwi.