Senti Adimu na Haki ya Asiyejua

Senti ni fedha ya kudharauliwa. Mtu akitaka kueleza ufukara wake husema hana hata senti, na akitaka kumtweza mwenziwe husema maneno yake hayana thamani ya senti tano. Walakini ziko senti ambazo matajiri wa Marekani huzigombea mnadani kwa bei ya nyumba, na ziko nyingine, zilizopita katika mikono ya watu wa Msimbazi, ambazo leo zingeweza kumlipia mtoto karo yake. Kilichozipandisha cheo si madini yake, wala si kazi ya mkono, kwani zilipigwa kwa mashine maelfu kwa maelfu. Nataka kuuliza thamani hiyo hutoka wapi. Na zaidi ya hayo, ni ya nani. Ni ya yule aliye nayo mkebeni bila ya kujua, au ni ya yule ajuaye ambaye hanayo? Swali hili kwangu si la mchezo. Ninayo sarafu moja ambayo kwa miaka karibu ishirini imekuwa ikiniuliza neno hilo hilo.

Lugha yetu yenyewe ni mkoba wa sarafu kuukuu. Neno pesa lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na mwaka 1882, uliokuwa 1299 wa Hijria, Seyyid Barghash wa Unguja alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani. Kampuni ya Wajerumani nayo ilitoa pesa zake kati ya 1890 na 1892, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha kuigawa rupia katika pesa 64, ikaigawa katika heller 100. Na heller hiyo, midomoni mwa wazee wetu, ikawa hela. Baadaye wakaja Waingereza na shilingi na senti zao, na watu wakazibandika majina yao wenyewe: ndururu kwa senti tano, sumni kwa senti hamsini. Mchuuzi wa Kariakoo hutaja pesa na hela tangu asubuhi mpaka jioni, na hana habari kwamba anataja marehemu.

Sasa, sarafu huwaje adimu? Wamarekani, ambao wameifanya kazi hii ya kukusanya kuwa elimu kamili, wanatupa mifano iliyo wazi. Mwaka 1857 waliacha senti yao kubwa ya shaba wakaanza senti ndogo. Mwaka 1909 walitoa senti yenye sura ya Lincoln, na mchoraji wake, Victor David Brenner, akatia herufi za mwanzo za majina yake matatu chini kwa nyuma. Watu walinung'unika kwamba herufi zile zimezidi kuonekana, zikaondolewa upesi. Kabla ya kuondolewa, kiwanda cha San Francisco kilikuwa kimekwisha kupiga 484,000 tu. Leo senti hiyo, hata ikiwa imechakaa, hununuliwa kwa mamia ya dola, na tofauti yake na ndugu zake wa mwaka ule ni herufi tatu nyuma na S ndogo chini ya tarehe. Mwaka 1943 shaba ilitakiwa vitani, senti zikafanywa kwa chuma kilichopakwa zinki. Vipande vichache vya shaba vilivyosahauliwa mashinani vikapigwa kwa makosa, na kimoja kimepata kuuzwa kwa zaidi ya dola laki moja. Kosa la mfanyakazi mmoja aliyechoka, yamkini, likawa urithi wa mtu ambaye hajazaliwa. Senti yenyewe imefikia mwisho wake: tarehe 12 Novemba 2025, katika kiwanda cha Philadelphia, walipiga ya mwisho iliyokusudiwa kutumika sokoni, kwa sababu kuitengeneza kulikuwa kumepita thamani yake zaidi ya mara tatu.

Hata huku kwetu uadimu hauna adabu, hauheshimu wafalme. Edward wa Nane wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba 1936. Pauni ya dhahabu yenye sura yake, ambayo haikupata kutolewa kwa watu, iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika ya Mashariki za 1936, zenye jina la mfalme huyo huyo, zilipigwa kwa mamilioni. Zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura, basi kazi ikaendelea bila ya kungoja mfalme apigwe picha. Nimeziona katika mitaa ya Msimbazi zikiuzwa pamoja na vifungo. Kinyume chake, sarafu za Sultani Ali bin Hamud wa Unguja, za senti moja, senti kumi na senti ishirini, zilitolewa kwa mwaka mmoja tu wa 1908, na hasa hizo mbili kubwa ni za nadra sana. Sultani huyo hajulikani nje ya pwani yetu. Haidhuru. Mnunuzi hamnunui sultani, ananunua uchache.

Na uchache maana yake ni kupotea. Kila senti iliyoyeyushwa, iliyozama baharini, iliyopigwa nyundo ikawa pete, imeongeza kitu katika thamani ya ile iliyosalia. Mkusanyaji anavuna asipopanda. Neno hili halinitii aibu, kwani hata mvuvi huvuna hivyo. Aibu iko mahali pengine.

Mwaka 2006 nilikuwa kijana, msaidizi wa mhadhiri, mwenye mshahara mdogo na mapenzi makubwa ya sarafu. Rafiki alinipeleka kwa bibi mmoja katika Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya Kiswahili yenye baraza na ukumbi mrefu. Bibi alikuwa na mkebe wa biskuti ulioachwa na mumewe, baharia wa Unguja. Alihitaji nauli ya mjukuu wake aliyekuwa akirudi shule Kilosa. Nikamwamkia, akaitikia, akamimina vitu mkekani: ndururu kadhaa, hela mbili za Mjerumani, kifungo cha kanzu, na katikati yake senti ishirini ya 1908. Niliitambua kabla haijaacha kuzunguka.

Akanitazama akasema, "Mwanangu, wewe msomi. Hizi zina kitu?"

Nikamjibu, "Za zamani tu, bibi."

Nikampa shilingi elfu tatu kwa mkebe mzima. Alinishukuru, akaniombea dua. Jibu langu lilikuwa kweli tupu, kila neno. Na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Utetezi wangu naujua kwa moyo, kwani nimeurudia mara nyingi. Kwamba bibi aliuza kwa hiari yake. Kwamba alipata alichokitaka, yaani nauli. Kwamba ujuzi wangu haukuanguka kutoka mbinguni, niliutafuta kwa miaka, na mtu ana haki ya kula matunda ya elimu yake kama fundi alavyo matunda ya ufundi wake. Kwamba asingekuwa mimi angekuja mwingine mwenye moyo mgumu zaidi. Na ule nilioupenda kuliko yote: kwamba sikuinunua nipate faida, kwa maana sijaiuza mpaka leo.

Hoja hizi si mpya. Mrumi Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa mtu, aliuliza swali ambalo lilinishtua nilipolisoma, kana kwamba alikuwa ameketi barazani siku ile. Ikiwa mtu anauza dhahabu naye anadhani kwamba ni shaba, je, mtu mwema amwambie, au anunue kwa dinari moja kitu cha dinari elfu? Aliwataja wanafalsafa wawili walioshindana katika mambo ya namna hii, Diogenes wa Babeli na Antipater. Diogenes alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba muuzaji hadaiwi zaidi ya lile ambalo sheria inamtaka aseme. Antipater alijibu kwamba watu ni jamaa moja, na anayemficha mwenziwe neno la kumfaa amekata udugu huo. Cicero alikuwa upande wa Antipater.

Waislamu wa pwani hawana haja ya kwenda Roma kutafuta jambo hili. Imepokewa katika Hadithi za Muslim kwamba Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Na ikitokea hivyo, mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuuvunja uuzaji ule. Msomaji aliyepata kusimama Kariakoo alfajiri, malori yakiingia na nyanya na ndizi, na walanguzi wakiyakimbilia kabla hayajasimama, hahitaji tafsiri. Makosa ya mlanguzi hayako katika bei. Yako katika kumkuta mtu kabla hajakutana na ujuzi. Nami niliulaki msafara wa bibi yule mkekani pake mwenyewe, ndani ya mji, hatua chache kutoka sokoni.

Tena nimeona kwamba elimu haimlindi mtu. Kipimo ambacho wakusanyaji wa dunia nzima hukitumia kuhukumu hali ya sarafu, kutoka moja hadi sabini, kilianzishwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon kwa ajili ya zile senti kubwa za kale. Baada ya kufa kwake mwaka 1977 ilibainika kwamba alikuwa amezitoa senti bora katika hazina ya jumuiya ya elimu ya sarafu huko New York na kuweka duni mahali pake. Aliyewafundisha watu kupima ndiye aliyejua sana namna ya kubadilisha.

Haya yote niliyafahamu, na dhamiri yangu ilikuwa imelala usingizi wa kutosha, mpaka mwaka 2022. Fundi cherehani mmoja, mwenye kibaraza karibu na Mtaa wa Msimbazi, alisikia kwamba mimi ni mjuzi wa sarafu, akaniletea kitu katika kitambaa. Msomaji anazijua habari za mali ya Mjerumani: watu huchimba chini ya mibuyu na kando ya maboma, na huvumishwa kwamba rupia moja inaweza kumtajirisha mtu. Fundi alikuwa na kipande kilichoachwa na babu yake, aliyekuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, mmoja wa wale waliokuwa katika kambi iliyoupa mtaa wetu jina la Kariakoo. Alikuwa ameambiwa kwamba ni dhahabu. Alikuwa amekwisha kukopa.

Nilikitazama kwa nukta moja. Nikamweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba mwaka 1916 Wajerumani, wamekatiwa njia ya bahari, walipiga fedha katika karakana ya reli Tabora. Kwamba ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15, yenye tembo, na zilipigwa 16,198 tu kwa dhahabu ya Sekenke. Na kwamba yake ni heller 20, ya shaba ya manjano iliyotokana na maganda ya mizinga, yenye taji na herufi T, na ni nyingi. Nilitaja hata mwezi ambao Wabelgiji waliuteka mji. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akakirudisha katika kitambaa, akachukua sindano, akasema kwa mzaha huku akitunga uzi, "Ahsante mwalimu, umeniokoa na wengi. Na ingekuwa ile ya tembo, je?"

Nilicheka. Sikumjibu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu havikunionyesha. Kweli iliyompunguzia mwenzangu mali ilinitoka upesi, tamu, yenye tarehe na idadi. Kweli ambayo ingemwongezea ilikwama kooni. Ilikuwa elimu ile ile na ulimi ule ule. Zamani nilidhani kwamba siku ile kwa bibi nilinyamaza kwa sababu nilitaka sarafu. Sasa nadhani nilinyamaza kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikia nikiwa mjuzi isipokuwa kwa kujipa hasara.

Niliamua kumtafuta bibi. Nyumba yake haipo. Pale pana ghorofa la maduka ya viatu. Muuza kahawa aliye karibu, mtu wa makamo, aliniambia kwamba bibi alifariki miaka mingi, na wanawe waliuza kiwanja kwa bei waliyotajiwa na dalali, wakahamia Mbagala. Bei aliyoitaja ilinifanya niangalie chini. Akanipa namba ya simu ya mjukuu, yule wa Kilosa, ambaye sasa ni dereva wa bodaboda.

Bado sijui nitaanzaje. Kumlipa tofauti ya bei ni kuchagua mimi mwenyewe kwamba uuzaji ule usimame, na hiari hiyo si yangu. Kumrudishia sarafu bila ya kumweleza ni kumrudisha mkekani palepale kwa bibi yake, na mlanguzi mwingine mlangoni. Itanibidi nikae naye, nimwonyeshe mwaka, jina la sultani na bei za minada, nimwambie kila ninalolijua, kisha nimsikilize. Namba yake nimeiandika katika karatasi ile ile iliyoifunga senti ishirini, na iko katika mtoto wa meza yangu.