Alama ya Maji

"Mama, mwaka 2011 maji yalifika wapi?"

Hilo ni swali la saba kwenye fomu yangu. Nimeliuliza Kigogo mara nyingi mpaka siku hizi linanitoka mdomoni kama shikamoo. Mkono mmoja simu, mkono mwingine futi ya kupimia, na pembeni mjumbe wa serikali ya mtaa, wa kunithibitisha kuwa mimi si tapeli. Mtu ananionyesha kwa mwili wake: magotini, kiunoni, kifuani. Napima kutoka sakafuni, naandika, nashukuru, nahamia nyumba inayofuata.

Kipimo cha mvua cha uwanja wa ndege kinajua mvua iliyonyesha uwanja wa ndege. Msimbazi unaanzia huko kwenye vilima vya Pugu, na mvua ya vilimani inaweza kumfuata mtu wa Kigogo kitandani hata kama kwake kumenyesha manyunyu tu. Anayejua ilifika wapi ni mwenye kitanda. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro na kuwauliza wenyeji kuhusu mafuriko. Mimi nimekuja nyuma yao, nikiamini kwamba kazi hii haimdhuru mtu.

Siku hiyo mama mmoja aliweka mkono kifuani. Mwanawe, aliyekuwa anafua uani, akaita, "Mama!" Mkono ukaganda. Akanitazama, akaitazama simu.

"Ukiandika hapo, mwanangu, inakwenda wapi?"

Nikamsomea maneno yaliyo juu ya fomu: taarifa hizi ni kwa ajili ya utafiti tu. Akacheka kidogo. Ni kicheko cha mtu anayeikumbuka Desemba 2015, tingatinga zilipoingia bonde la Msimbazi, na zile X nyekundu kwenye kuta. Akashusha mkono.

"Andika magoti."

Nyuma ya kabati, chini ya rangi mpya, mstari wa kahawia ulikuwa bado unaonekana. Kifuani kabisa. Niliuona, naye akaniona nikiuona. Nikaandika magoti.

Nilijisikia mtu mwema kwa siku kama nne hivi. Kisha nikaingiza takwimu kwenye kompyuta. Tatizo la maji ni kwamba hayana upendeleo: yakishatuama kwenye tambarare, uso wake unakuwa usawa mmoja. Majirani wa kulia na kushoto walikuwa wamesema kifuani. Programu ikaitia nyumba ya mama yule alama ya kosa, ikapendekeza sentimita 128. Mkono wangu ulikuwa umemtunzia siri. Hesabu ikaitoa.

Tangu hapo neno idhini linanisumbua. Ninaiomba mlango kwa mlango, kila mtu na sahihi yake, wakati mafuriko hayakuja mlango kwa mlango. Ukweli wa jirani unatosha kumsema yeye hata akikaa kimya.

Rafiki yangu wa darasani, ambaye kwao ni Hanang, anaona nadeka tu. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Hapa Dar, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya 40. "Ukipunguza namba," anasema, "mtaro unajengwa mdogo, na atakayezama ni mjukuu wa huyo huyo mama." Ni kweli, na sina cha kumbishia. Ila mstari unaopanga upana wa mtaro ndio huo huo unaopanga nani ahame. Baada ya 2011 watu wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande. Kiwanja ni kiwanja, lakini jaribu kukaa Mabwepande huku unauza maandazi Kariakoo alfajiri. Piga hesabu ya nauli peke yake.

Nikirudi kwenye fomu, sioni kosa kwenye swali la saba. Naliona kwenye ile "tu". Kaneno ka herufi mbili! Ramani ikishakuwa wazi, ataisoma mhandisi, ataisoma anayetafuta kiwanja, atakayebomoa naye ataisoma. Nilikuwa natoa ahadi kwa niaba ya watu nisiowajua, na nikipewa chai juu yake.

Nikaifuta. Sasa fomu inasema: nitaitumia kwa utafiti wangu, na sijui nani mwingine ataitumia, wala kwa kazi gani. Mzee wa kwanza kusomewa maneno hayo alisikiliza mpaka mwisho. Akaniletea kigoda, tukaongea mpira, Simba na Yanga, karibu saa nzima. Swali la saba hakulijibu.

Kimo cha maji nyumbani kwake nakijua, majirani walishanipa. Kisanduku chake kwenye jedwali bado kitupu, na msimamizi wangu anakitaka Ijumaa.