Mwenye Wazimu ni Mgonjwa, Hospitali Impokee



Katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 5, twasoma habari za mtu aliyekaa makaburini. Wenzake walikuwa wamemfunga minyororo mara nyingi, naye aliikata, akajiumiza kwa mawe usiku na mchana. Bwana wetu Yesu Kristu hakumkimbia. Alisema naye, akamponya, kisha akamrudisha nyumbani kwa jamaa zake.

Je, sisi hufanyaje? Kijana akipatwa na wazimu wa ghafla usiku, wengi wetu hutafuta kamba kwanza. Wengine humpeleka kwa polisi, wengine kwa mganga wa kienyeji. Wako pia wanaosema mara moja kwamba ni pepo. Lakini Kanisa Takatifu hufundisha kwamba maradhi ya akili ni kazi ya madaktari, na kwamba yasichanganywe na mambo ya pepo. Sala ni lazima, lakini haimzuii mgonjwa kupata dawa.

Mtakatifu Yohane wa Mungu aliyajua mateso hayo. Huko Granada, katika nchi ya Hispania, alidhaniwa kichaa, akafungwa hospitalini na kupigwa mijeledi, maana ndiyo iliyokuwa tiba ya siku zile. Alipotoka hakulipa kisasi, bali alifungua nyumba ya wagonjwa, akawahudumia kwa upole mpaka alipofariki mwaka 1550.

Hapa Tanzania tunayo Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Lakini kutoka Kigoma au Songea mpaka huko ni safari ya mamia ya kilometa, na mgonjwa aliyechafukwa akili hawezi kungoja. Kwa hiyo twasema: kila hospitali kubwa, na zile za misioni zisibaki nyuma, itenge chumba tulivu cha kumpokea siku za kwanza. Pasiwe na kitu cha kujidhuru, na awepo muuguzi aliyefundishwa, wa kusema naye kwa sauti ya chini. Daktari ampime damu, maana malaria iliyopanda kichwani, au upungufu wa sukari mwilini, huweza kufanana na wazimu. Apewe dawa, alale, na ndugu yake akae karibu. Wengi hutulia kwa siku chache, wakarudi kwao wakiendelea na matibabu.

Nanyi wazazi, msimfiche mtoto wenu kwa sababu ya aibu. Mngemvunjikia mguu mngemkimbiza hospitali. Basi akili yake ina thamani kupita mguu. Na jirani asiyeweza kutoa fedha aweza kumsindikiza mama huyo njiani, bila kumcheka.

Siku ya hukumu Bwana wetu atatuuliza kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Hatatuuliza kama ugonjwa ule ulikuwa wa mwili au wa akili.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na hospitali, utuombee.