Askofu wa Mkunazini

Edward Steere, aliyesomea sheria huko London kabla ya kuwa kasisi, aliwasili Unguja mwaka 1864, akajitia katika kuwasikiliza wenyeji na kuziandika hadithi zao, zikachapishwa mwaka 1870. Na kwa rai yangu, kazi hiyo ndiyo iliyomtukuza kuliko uaskofu aliowekwa mwaka 1874. Soko la watumwa la Mkunazini, hapo Unguja, lilipofungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mahali pale pale aliusimamia ujenzi wa kanisa la mawe ya matumbawe, ambalo baadhi ya nguzo zake, yasemekana, mafundi walizisimamisha kichwa chini, miguu juu, mwenyewe akiwa safarini. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.