Malori Yalivuka, Wakaguzi Hawakurudi

Desemba 1987 Busia ilikuwa uwanja wa risasi. Askari wa Kenya na wa Uganda walipigana mpakani kwa siku kadhaa, watu wakafa, njia ikafungwa. Mwezi huohuo, tarehe 8, Ronald Reagan wa Marekani na Mikhail Gorbachev wa Umoja wa Kisovyeti walikuwa Washington wakitia saini mkataba wa kuteketeza makombora yao ya masafa ya kati. Na kabla mwaka haujaisha, Rais Moi na Rais Museveni wakakutana Malaba, wakakubaliana kuwarudisha askari nyuma.

Mapatano hayo mawili yamenikaa akilini tangu Februari 5, 2026, siku ulipofika ukomo mkataba wa mwisho uliokuwa ukiweka kikomo kwa silaha kubwa za nyuklia za Marekani na Urusi.

Hapa kwetu, lori linalotoka Kampala halikaguliwi tena mara mbili, huku na kule. Linavuka hadi Malaba ya Kenya, na humo, chini ya paa moja, dereva anawakuta afisa wa Uganda na afisa wa Kenya. Linaloelekea Uganda hushughulikiwa ng'ambo, ambako maafisa wetu ndio wageni. Nimemtazama afisa akiinama nyuma ya trela, akisoma namba ya sili tarakimu kwa tarakimu na kuilinganisha na karatasi, huku dereva akingoja na kijiti cha meno mdomoni. Hakuna aliyeona ametukanwa kwa kukaguliwa. Majirani hawa si malaika, ugomvi wa kisiwa cha Migingo tunaujua sote, lakini haukuirudisha Busia kwenye risasi za 1987.

Mkataba wa Washington nao ulisimama juu ya msingi huohuo wa kukaguana. Kwa miaka 13 wakaguzi wa Marekani walikaa langoni mwa kiwanda cha makombora cha Votkinsk, na wenzao wa Moscow wakakaa langoni mwa kiwanda cha Magna, jimbo la Utah. Makombora 2,692 yaliteketezwa. Dunia iliyokuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000 mwaka 1986 sasa ina takriban 12,000. Nayasema haya kwa wale wanaodai kwamba silaha hizi hazipunguziki. Zilipunguzwa, na waliozipunguza ni maadui.

Kisha ikaja Machi 2020. Korona iliingia, na baadaye foleni ya malori Malaba ikanyooka kilomita nyingi, madereva wakilala chini ya trela wakisubiri majibu ya vipimo. Machi hiyohiyo Marekani na Urusi nazo zilisimamisha kutembeleana kwenye kambi za makombora, ukaguzi uliofanywa chini ya mkataba ule uliofika ukomo 2026. Sisi tulihangaika, tukalaumiana, hatimaye malori yakavuka. Wakaguzi wao hawakurudi kamwe. Mwaka 2023 Urusi ikasitisha ushiriki wake katika mkataba huo, na leo kila upande unakisia kilichomo ghalani mwa mwenzake. Hilo ndilo linalonitisha kuliko idadi ya mabomu.

Mtu atauliza, mama anayeuza nyanya Busia anahusikaje? Madini ya urani yaliyotumika katika bomu la Hiroshima mengi yalichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ileile ambayo mizigo yake hupita mbele ya meza ya huyo mama. Afrika imo katika jambo hili tangu siku ya kwanza. Afrika pia ndiyo yenye nchi iliyounda mabomu yake yenyewe kisha ikayavunja yote: Afrika Kusini ilivunja sita na kuwafungulia milango wakaguzi wa kimataifa. Nchi nyingi za bara zikajifunga kwa Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia Afrika na unaotumika tangu 2009.

Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba hii ni kesi ya wakubwa. Mwaka 2017 Kenya na Uganda zilipiga kura ya ndiyo katika Umoja wa Mataifa kupitisha mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Tanzania ilitia saini 2019. Nairobi na Kampala bado hazijatia. Waheshimiwa wabunge wa kaunti ya Busia, nanyi wa ng'ambo, ulizeni bungeni: tuliunga mkono kwa kura, saini inangoja nini?