Kiasi na Wati



Pale Makumira, kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi, kuna baiskeli za namna mbili. Kuna zile za mikungu ya ndizi, na kuna za wanamazoezi, macho kwenye kioo kidogo juu ya usukani. Siku hizi kioo hicho kinaweza kuonyesha wati. Kipima nguvu hupima jinsi chuma kinachoshika pedali kinavyopinda kidogo sana unapokanyaga, kisha huzidisha na kasi ya mzunguko. Spidi hudanganya, maana mteremko unakubeba na upepo unakurudisha. Wati hazibembelezi mtu: ukikanyaga 200 ni 200, mlimani na bondeni.

Kwa triathloni ndefu hilo si jambo dogo. Unaogelea kilomita 3.8, unaendesha 180, halafu unakimbia marathoni nzima. Kilomita 30 za kwanza za baiskeli kila mtu anajiona simba. Kifaa kinakwambia: punguza, bado kuna kukimbia.

Hapo Kiswahili kinanifurahisha. Kiasi ni idadi, na kiasi ni fadhila, mojawapo ya zile nne za katekisimu: busara, haki, nguvu na kiasi. (Hata nguvu imo, jamani!) Je, kifaa kinachokupa kiasi cha kwanza kinakupa na cha pili?

Aristotle, akieleza fadhila, alimtaja mwanamieleka Milo. Chakula cha kumtosha Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi, kwa hiyo kipimo sahihi hutazama mtu. Makocha wa wati wangekubali: huanzia kwenye nguvu unayoweza kuihimili kama saa moja, wewe, si jirani yako. Mpaka hapo sawa. Ila Aristotle anaendelea kuuliza: wakati gani, kwa nani, kwa ajili ya nini? Hapo kioo kinanyamaza.

Chukua mfano. Mama kaangusha mzigo wake barabarani, na wewe una saa tatu za wati zisizopanda wala kushuka. Ukisimama, grafu itaandika sifuri kwa dakika kumi. Mimi nasema anayepita ana nguvu, kiasi bado. Na tusiwacheke wanabaiskeli. Wangapi tunahesabu siku za rozari kwenye simu, na ile tuliyoikosa kwa kukesha na mgonjwa tunaiona doa?

Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia, alishinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Katikati, wakati wa vita, alisafirisha vitambulisho vya kughushi ndani ya baiskeli yake kati ya Firenze na Assisi, ili Wayahudi waliojificha waokoke. Yad Vashem ilimtambua kwa hilo mwaka 2013, yeye akiwa ameshafariki. Kwa waliomwona njiani alikuwa bingwa aliye mazoezini tu. Na kweli alikuwa mazoezini. Karatasi zile zilikuwa nyepesi mno. Kipima nguvu kingemwandikia wati zilezile akiwa amezibeba na akiwa anarudi mtupu.